Kigoma haiko mbali na vita ya wakubwa

Tangu nchi za Ulaya zianze kugawa vijitabu vya kufundisha raia wao namna ya kujiandaa na vita, huku kwetu Kigoma maongezi yamegawanyika makundi mawili na yote mawili naona yamepotea njia. Kundi la kwanza ni la nani atampiga nani, pita kijiweni Mwanga au Gungu jioni utawakuta na simu mkononi, huyu ana klipu ya kombora la Urusi, yule ana klipu ya manowari ya Marekani, mwingine anahesabu ndege za China, kila mtu na timu yake na ubishi unaisha adhana ikilia. Kundi la pili ni la watu wazima kidogo, wao wanasema hayo mambo ya wakubwa hayatuhusu, nani atapoteza kombora lake la mabilioni kuja kulipiga Kigoma, sisi tuvue dagaa tulime maharage maisha yaende. Mimi nasema hivi, vita ya wakubwa haihitaji kuangusha bomu Kigoma ili itufikie, na kujiandaa kwetu hakuna uhusiano wowote na kuchagua timu. Kujiandaa kwetu ni mafuta, mbolea, chakula na njia. Tena hayo maandalizi yao peke yake, kabla mkubwa hajampiga risasi mkubwa mwenzake, yameshaanza kutugharimu sisi hapa.

Tuanze na hali ilivyo maana wengi wanaokota vipande vipande. Novemba 2024 Sweden ilituma kijitabu nyumba kwa nyumba kinachoeleza raia afanye nini vita au janga likija, ahifadhi maji kiasi gani, akajifiche wapi, asiamini taarifa gani. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukatoa mkakati unaotaka kila kaya iweze kujitegemea saa 72. Juni mwaka huohuo nchi za NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, zikakaa The Hague zikakubaliana kwamba ifikapo 2035 kila mwanachama awe anatumia asilimia 5 ya pato lake la taifa kwenye ulinzi na mambo yanayoendana na ulinzi, wakati kwa miaka mingi hata ile asilimia 2 wengi wao walikuwa hawaifikishi. Taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ya Stockholm ilihesabu matumizi ya kijeshi ya dunia nzima mwaka 2024 ikapata dola bilioni 2,718, yamepanda asilimia 9.4 ndani ya mwaka mmoja. Alafu mkataba wa New START, ambao ndo ulikuwa wa mwisho kuwawekea Marekani na Urusi kikomo cha silaha zao za nyuklia za masafa marefu, ulifika mwisho wake Februari 2026 bila mwingine wa kushika nafasi yake. Kwahiyo anayesema hizi ni kelele za vyombo vya habari tu hajafuatilia, hela zinatolewa kweli, viwanda vya mizinga vinajengwa kweli, na nchi zilizokuwa zimefuta jeshi la lazima zinarudisha.

Sasa hizo hela zinatoka wapi? Hapa ndo watu wetu hawaunganishi. Februari 2025 Uingereza ilitangaza itapunguza misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 ya pato lake mpaka 0.3 ifikapo 2027, na waziri mkuu wao Keir Starmer alisema wazi kwamba kinachopunguzwa kinaenda kwenye ulinzi, hakuficha. Wengine nao wamekata kwa sababu zao. Ukitaka kuona mwisho wa hiyo safari nenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, imekuwepo miaka na miaka na mgao wa chakula wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, umekuwa ukipunguzwa kwa kukosa wafadhili. Na mkimbizi akipunguziwa mgao shida haiishii ndani ya kambi, atatoka kutafuta kibarua, ataingia msituni kutafuta kuni na mkaa wa kuuza, wenyeji wa Makere na vijiji vya jirani wanajua vizuri ugomvi unaanzia wapi. Yani uamuzi wa kununua vifaru huko umeshafika kwenye sufuria ya mtu Kasulu, na hakuna vita iliyopigwa bado kati ya hao wakubwa.

Lakini hoja ninayotaka kuishughulikia zaidi ni ile ya hayatuhusu tuko mbali, maana ndo dhaifu kuliko zote na ndo inayopendwa kuliko zote. Mkoa ambao una haki ya mwisho kabisa kusema hivyo ni Kigoma, na wa pili ni Tabora. Mwaka 1914 kulikuwa na karatasi kabisa inayosema vita ya Wazungu isije huku. Ule mkataba wa Berlin wa 1885 ambao kila mtoto wa shule anaujua kwa kugawana Afrika, ndani yake ulikuwa na vipengele vinavyoruhusu nchi za bonde la Kongo, walilichora kubwa mpaka likafika Bahari ya Hindi na koloni la Wajerumani likawa ndani, zibaki bila kuegemea upande wakubwa wakipigana. Gavana Mjerumani Heinrich Schnee alitaka koloni likae nje ya vita, na Wabelgiji upande wa Kongo nao mwanzoni walikuwa wanaitaka hiyohiyo. Haikusaidia kitu. Tarehe 8 Agosti 1914 meli za Waingereza zilipiga Dar es Salaam wakitafuta mnara wa mawasiliano, kamanda wa jeshi la Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck naye akaona kazi yake ni kuwavuta askari wengi wa adui waje Afrika ili wapungue Ulaya, na kabla Agosti haijaisha meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilikuwa imeshashambulia upande wa Wabelgiji hapahapa ziwani. Vita imeanza Ulaya, mwezi haujaisha iko Tanganyika, na enzi hizo hakuna ndege ya abiria wala intaneti.

Na kwa nini ilikuja huku haraka hivyo? Sio kwa sababu kuna mtu alikuwa anaichukia Kigoma. Ni reli na ziwa. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita, na yule anayeshika reli na meli anashika njia yote ya kupeleka askari na chakula kati ya Kongo na pwani. Ndo maana Wajerumani walihangaika kuileta ile meli Graf von Götzen, imejengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikapandishwa meli nyingine mpaka Dar, ikaja kwa reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingia majini Februari 1915. Hiyo ndo meli yetu ya Liemba. Waingereza nao wakakokota maboti mawili ya vita kutoka Cape Town, kwa treni, kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe, wakayafikisha ziwani, Desemba 1915 wakaiteka Kingani na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Na wale wanaosema nani atalipiga bomu Kigoma wajue limeshapigwa, Juni 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini ziliangusha mabomu bandarini wakiitafuta Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao karibu na mdomo wa Malagarasi wakiwa wameipaka mitambo grisi ili wakirudi waikute nzima, Wabelgiji wakaingia Kigoma, na wakakaa na Ujiji yote mpaka 1921.

Tabora ilikuwa hivyohivyo, Wabelgiji waliingia tarehe 19 Septemba 1916, lakini kabla ya hapo kuna jambo lilitokea Tabora ambalo kwangu lina mafunzo kuliko mapigano yenyewe. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, meli ya Wajerumani kuingia ikawa nadra sana, hela taslimu zikaisha kwenye koloni. Kwahiyo mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha kutengeneza sarafu, za shaba zikachongwa kutokana na maganda ya mizinga na vyuma vya namna hiyo, na za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zile za rupia 15 zenye tembo, ambazo leo wakusanyaji wa vitu vya kale wananunuana kwa bei kubwa. Huko Amani Usambara wakawa wanatengeneza kwinini yao wenyewe kwa magome ya mti. Maana yake nchi ikifungiwa bahari, vitu vya kwanza kupotea sio risasi. Ni dawa, nguo, chumvi, sabuni, hela ya chenji.

Alafu kuna walioibeba vita yenyewe kichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanahesabiwa zaidi ya 90,000, wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, na Wajerumani na Wabelgiji walikuwa na wapagazi wao ambao wengi hakuna aliyehangaika kuwaandika majina. Wanyamwezi waliokuwa wamezoea kubeba mizigo ya biashara toka enzi za babu zao walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya watu wasiowajua. Ugogo, ambako majeshi yalipita yakichukua ng'ombe na nafaka na wanaume, mvua ziliposhindwa kulikuja njaa ile waliyoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920, inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Vita yenyewe ilishaondoka pale, njaa ikabaki inamalizia. Mtu anayesema hayatuhusu anakuwa anawasahau hawa, na mimi inaniuma maana ni babu zetu, na hakuna aliyewauliza wako timu gani.

Wapo watakaosema hayo ni ya ukoloni, sasa hivi tuko huru na sera yetu ni kutofungamana na upande wowote. Hii hoja ni nzito kidogo na siidharau. Machi 2022 pale Umoja wa Mataifa nchi 141 zilipopiga kura kuitaka Urusi itoke Ukraine, Tanzania ilikuwa kati ya nchi 35 ambazo hazikusema ndio wala hapana, na naona ilikuwa sawa, hatuna cha kupata kwa kununua ugomvi wa watu. Ila kutofungamana ni msimamo wa kidiplomasia, unakuzuia usiingizwe vitani na sahihi yako mwenyewe, hauzuii bei. Tulikaa kimya pale New York, na Agosti mwaka uleule petroli Dar ikapita shilingi 3,400 kwa lita, na Kigoma siku zote tunaongeza juu yake gharama ya kuyasafirisha. Serikali ilishaanza kutoa ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni na bado ikafika huko. Mfuko wa urea wa kilo 50 ukavuka laki moja, mpaka ruzuku ya mbolea ilipokuja ukashuka kwenye elfu 70. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua ambaye hajui hata Ukraine iko upande gani wa dunia alilipia vita ile kwenye mkopo wake wa pembejeo. Na hiyo ilikuwa vita ya mkubwa mmoja dhidi ya jirani yake, sio wakubwa wawili wamekabana.

Kuna la mafuta ya kula ambalo sisi watu wa michikichi tulipaswa tuwe wa kwanza kulielewa. Ukraine na Urusi ndo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani, meli zilipokwama kila mnunuzi akakimbilia mawese, bei ikaruka, na Aprili 2022 Indonesia ambayo ndo mzalishaji mkubwa kuliko wote ikapiga marufuku kuuza mawese nje karibu mwezi mzima ili watu wake wapate kwanza. Sitaki kuwalaumu, serikali yoyote ingefanya hivyo. Lakini tulikuwa tumekaa Kigoma, mkoa ambao mchikichi unaota kama majani, tukilalamika bei ya mafuta ya kula yaliyotoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alikuja hapa kuanzia 2018 kusukuma zao hili, kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche bora, ni jambo jema kabisa, ila nchi bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka nje na akina mama wengi huku bado wanakamua kwa mikono au kwa mashine ndogo zinazoacha mafuta mengi kwenye makapi. Mtu akiniuliza silaha ya Kigoma kwenye vita ya dunia ni ipi nitamjibu bila kufikiri mara mbili ni kinu kizuri cha kukamulia mawese.

Turudi kwa wabishi wa timu, maana nao wana hoja moja yenye nguvu ambayo wengi wao hawaijui kuwa ni yao. Wanasema wakubwa wakijizatiti sawasawa hawatapigana, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Ni kweli tangu 1945 Marekani na Urusi hawajapigana uso kwa uso, na wataalamu wengi wanaamini hofu ya nyuklia ndo iliyowashika. Nakubali. Lakini tuulize amani hiyo ilikuwa ya nani. Hao hao waliokuwa hawapigani kwao walikuwa wanapigania Kongo, Angola, Msumbiji, kwa mikono ya watu wengine. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka ziwa hili na wapiganaji wa Kikuba kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, Wamarekani wakawa upande wa pili wanaisaidia serikali kwa ndege na mamluki wa Kikuba waliomkimbia Castro, yani Wakuba wanapigana na Wakuba ng'ambo ya ziwa letu kwa ugomvi wa Washington na Moscow. Novemba akarudi Kigoma ameshindwa. Kongo ikabaki na Mobutu miaka zaidi ya 30, na tulichovuna sisi ni wakimbizi wimbi baada ya wimbi. Kwahiyo hofu ya nyuklia inaweza kuzuia vita kubwa na wakati huohuo ikaisukumia vita kwenye nchi zenye madini na serikali legelege, na ukiangalia ramani jirani yetu wa magharibi bado ana sifa hizo zote.

Hapa ndo ninapoona hatari ya sasa hivi kuliko kombora lolote. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na kobalti iko kwenye betri, iko kwenye injini za ndege za kivita. Wamarekani wameweka hela kwenye reli ya Lobito inayotoa madini kwenda Atlantiki kupitia Angola, Rais wao wa wakati huo Joe Biden mwenyewe alienda Angola Desemba 2024. Wachina wanaifufua TAZARA, na kampuni za China ndo zilizopewa kujenga kilometa 506 za SGR kutoka Tabora mpaka Kigoma. Mimi naitaka hii reli kwa moyo wote, imechelewa, na sijali injinia wake anatoka wapi. Ila tusijifanye hatuoni kwamba mashindano ya njia za kutoa mali Kongo yamerudi palepale yalipokuwa 1914, reli na ziwa, na njia ikiwa na thamani kwa mkubwa mmoja inakuwa na thamani ya kuharibiwa kwa mkubwa mwingine au kwa kibaraka wake. Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, mji uliopo kwenye ziwa hilihili, siku chache tu baada ya viongozi wa Kongo na Rwanda kutiliana saini makubaliano ya amani Washington. Serikali inapojadiliana mikataba ya reli na bandari huku, hayo ni mambo ya usalama wa taifa kabisa, sio ya uchukuzi tu.

Wengine wananiambia vita ikija tutatajirika, dhahabu itapanda. Imepanda kweli, Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000 kwa wakia, na Benki Kuu kununua dhahabu ya ndani naiona ni akili nzuri. Lakini dhahabu iko Geita, na hata ukiwa nayo huwezi kuimimina kwenye injini ya boti. Mkonge nao ulipanda vita ya pili ya dunia baada ya Wajapani kuteka mashamba ya Asia, na walioonja utamu wake walikuwa wenye mashamba, Waafrika wakaletwa kufanya kazi kwa amri. Vita ikaisha Waingereza wakakosa mafuta ya kula kwao, ndo wakaja na ule mradi wa karanga wa 1947, Kongwa, Nachingwea na Urambo, paundi milioni 36 zikapotea ardhini. Sina zaidi ya kusema kuhusu faida za vita.

Na wa nyuklia, wale wanaosema ikifika huko tunakufa wote kwahiyo kujiandaa kwa nini. Afrika tuna mkataba wetu wa Pelindaba, ulisainiwa 1996 ukaanza kutumika 2009, bara zima halina silaha hizo, na ni heshima kubwa. Ila utafiti uliochapishwa 2022 kwenye jarida la Nature Food ulipiga hesabu kwamba vita kamili ya nyuklia kati ya Marekani na Urusi ingeweza kuua zaidi ya watu bilioni 5 na wengi wao kwa njaa, sababu moshi unaziba jua, mavuno yanaanguka dunia nzima na biashara ya chakula inasimama. Sasa angalia, hata kwenye hali hiyo mbaya kuliko zote, kinachoamua nani anaishi ni nani ana chakula ghalani na nani anategemea meli. Jibu ni lilelile la vita ndogo.

Kwahiyo tujiandae vipi? Mafuta kwanza, maana mafuta ndo yanabeba vingine vyote. Sehemu kubwa ya mafuta tunayotumia yanatoka Ghuba na viwanda vya India ambavyo navyo vinachota sehemu ya mafuta ghafi Ghuba, na mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta yaliyotumika duniani yalipita kwenye mlango wa bahari wa Hormuz. Juni 2025 Israel na Iran walipopigana siku 12 na Marekani ikapiga vinu vya nyuklia vya Iran, dunia nzima ilishika pumzi kwa sababu ya mlango huo. Meli ikifika Dar bado lori lina zaidi ya kilometa elfu moja mpaka sheli ya Kigoma. Na tuna jambo moja ambalo Dar hawana, tuna jirani mwenye kiu kuliko sisi. Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta miaka kadhaa sasa kwa kukosa fedha za kigeni, na ndugu zetu wamekuwa wakivuka mpaka na madumu. Siku mafuta yakiadimika dunia nzima, sheli za Kigoma zitakuwa zinahudumia nchi mbili. Nchi tajiri zilizo kwenye shirika la nishati la IEA, lililoundwa 1974 baada ya Waarabu kufunga bomba, zinalazimika kuwa na akiba ya siku 90 ya mafuta wanayoagiza. Sisi akiba ya taifa ya namna hiyo imeongelewa miaka mingi, na ikijengwa nashauri isiwe Dar peke yake, depo ya kanda ya magharibi iwe Tabora au Kigoma ambako reli inafika.

Hoja ya kunipinga hapa ni kwamba akiba ni hela imelala, nchi yenye upungufu wa madarasa na dawa haiwezi kujaza matanki ikasubiri vita ambayo huenda isije. Hii ndo hoja bora kuliko zote za upande wa pili na sina jibu la kuimaliza. Ninachoweza kusema ni kwamba tulishalipa upande wa pili wa hesabu. Wazee wanaokumbuka mwisho wa miaka ya 70, mafuta yamepanda 1973 yakapanda tena 1979, vita ya Kagera imekausha hazina, wanakumbuka foleni za sabuni na sukari kwenye maduka ya kaya, unga wa yanga, magari yamesimama Jumapili. Uchumi ule ulichukua miaka mingi kuamka. Ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi nayo ni hela, tena ni hela iliyoungua na kuisha, wakati lita iliyo kwenye tanki bado ipo. Na akiba sio lazima ianze na matanki makubwa. Wakala wa chakula NFRA wananunua mahindi kila msimu, sehemu ya mahindi na maharage ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo ibaki kwenye maghala ya hapa badala ya kuondoka yote alafu turudishiwe kwa lori linalonywa dizeli.

Kitu kingine hakihitaji hata hela. Kigoma iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa ikitegemea majenereta ya dizeli, watu wa idara ya maji na hospitali wanajua vizuri kupanga nani azimiwe na nani aachiwe. Huo ujuzi uandikwe. Halmashauri zikae sasa hivi hali ikiwa shwari, ziweke orodha ya nani anapata mafuta kwanza lori likichelewa, jenereta ya chumba cha upasuaji, pampu za maji, gari la wagonjwa, mashine za kusaga, maboti ya kwenda vijiji vya kusini ambako barabara ni ya shida na ziwa ndo njia yao, alafu magari ya ofisi yaje mwisho kabisa, na orodha ibandikwe kwenye kila sheli na kila ofisi ya kata watu waizoee. Bila orodha iliyokubalika mapema, siku ya uhaba anapata mwenye dumu kubwa na mwenye simu ya mkubwa, na hapo tutapigana sisi kwa sisi sheli wakati wakubwa wenyewe labda hata hawajaanza.